Jinsi ninavyoamua kutupa jozi ya A

Ushauri unaorudiwa sana kwenye Texas Hold'em isiyo na kikomo cha dau (poka ya karata mbili za siri mkononi na tano za wazi mezani) ni kwamba jozi ya A haitupwi, kwa sababu hujui utaipata lini tena. Unaniudhi kila ninapousikia. Ubora wa karata zako ulikuwa mkubwa kabla ya karata za mezani kufunguliwa. Zikishafunguliwa, kinachohesabika ni karata ambazo mpinzani anaweza kuwa amefika nazo hapo. Mimi jozi ya A naitupa bila kinyongo, na uamuzi wenyewe ninaufanya kwa hesabu ndogo ya kichwani.

Tuseme dau za lazima ni 1 na 2, na kila mmoja ana chipu 200. Nina jozi ya A, nafungua kwa 6, mwenye dau la lazima la 2 analipia, wengine wanatupa. Poti, yaani chipu zote zinazogombewa, ni 13. Karata tatu za kwanza ni J ya kopa, 8 ya kopa na 4 ya pau. Anagonga meza, yaani anapita bila kuweka dau, naweka 9, analipia. Ya nne ni 7 ya shupaza. Anagonga, naweka 22, analipia. Ya tano ni 2 ya uru. Poti imefika 75, anagonga tena, naweka 40, na ghafla anasukuma zote 163.

Naanza na bei. Natakiwa kuongeza 123 kugombea 278 zilizopo. Gawa 123 kwa 401, unapata karibu asilimia 31. Kwa hiyo nikilipia, lazima niwe mbele angalau mara 31 kati ya 100, vinginevyo nachoma chipu.

Kisha nahesabu kinachonipiga. Jozi yoyote hutoka kwa namna 6, lakini namba yake moja ikiwa tayari iko mezani zinabaki namna 3 tu. Hivyo 88 (jozi ya 8) ni 3, 77 ni 3, 44 ni 3. JJ naiondoa, maana mchezaji wa kawaida angeipandisha tangu mwanzo. 10 na 9 za aina moja (zote kopa, au zote pau, n.k.), ambazo zimekamilisha mfululizo wa karata tano kwa ile 7, ni 4. 6 na 5 za kopa ni 1. Karata za aina moja zinazotoa jozi mbili: J8 ni 3, 87 ni 2, J7 ni 2. Jumla ni 21.

Ili asilimia 31 itimie dhidi ya hizo 21, anahitaji kuwa na angalau namna 10 za kuzuga, yaani kusukuma bila kitu. Zitoke wapi? Karibu zote ni karata mbili za kopa zilizokuwa zikingoja kopa ya tano na kuikosa. Hapa ndipo penye utamu, na ndipo watu wengi hawatazami kabisa: je, mojawapo ya A zangu ni ya kopa?

Ikiwa ninayo mimi, yeye hawezi kuwa nayo. Kopa zilizokosa zinabaki KQ, K10, K9, Q10 na Q9, yaani 5. Hata azuge kwa zote tano, 5 kati ya 26 ni asilimia 19. Natupa, na wala sifikirii mara mbili. Lakini nikiwa na A ya shupaza na ya uru, ile ya kopa inaweza kuwa mkononi mwake, na zinaongezeka AQ, A10, A9, A6, A5 na A3. Sasa ni 11 kati ya 32, asilimia 34. Kwenye karatasi, hapo ni kulipia. Jozi ni ileile, nguvu ni ileile, ila aina ya karata moja imegeuza jibu.

Nasema kwenye karatasi kwa sababu 11 zile zinadhani anazuga kwa kila moja. Anayezuga nusu yake tu anashusha hesabu hadi asilimia 21 hivi. Wachezaji wengi wa dau ndogo hawazugi kwa kupandisha baada ya karata ya mwisho. Wakipandisha hapo wana kitu. Kwa hiyo dhidi ya mtu mtulivu natupa hata nisipokuwa na A ya kopa, na dhidi ya mkorofi nalipia.

Kuna anayesema ukitupa ovyo utaonewa. Hoja hiyo ina uzito, na nayo ina namba. Anahatarisha 163 kuchukua 115, kwa hiyo anapata faida ya moja kwa moja nikitupa zaidi ya mara 59 kati ya 100. Ila mimi pia nafika hapo na JJ, 88, au 10 na 9, na hizo ndizo zinazolipia. Jozi ya A si karata yangu bora kwenye meza hii.

Ushauri mwingine mbaya ni "pandisha ujue umesimama wapi". Ukipandisha na jozi moja, walio nyuma yako wanatupa, walio mbele wanabaki, na umelipa ghali kujua jambo ambalo kuhesabu kungekuambia bure.

Usiende upande wa pili ukaanza kuona majini kila kona. Karata tatu za kwanza zinapofunguliwa, chipu zilizobaki zikiwa mara tatu ya poti au chini, nikiwa na jozi kubwa kuliko karata zote za mezani, sitoki. Zikiwa mara kumi na tano, kama mfano wetu ulivyoanza, jozi moja ni ya kucheza poti ndogo. Ningeweza pia kugonga karata ya nne na kubana poti tangu hapo.

Na jozi ya K kabla ya karata za mezani? Mpinzani akisukuma kwa AA, KK, QQ na AK tu, bado nashinda karibu asilimia 57. Siitupi kwa chipu 200 hizo.

Mashindano yana hesabu yake, kwa kuwa chipu unayopoteza ina thamani kuliko unayoshinda. Yale ya kufuzu, ambapo zawadi ni tiketi 10 zinazolingana za kuingia mashindano makubwa na wamebaki wachezaji 11, ukiwa na rundo kubwa la chipu na mwenye rundo kubwa zaidi akasukuma zote mbele yako, jozi ya A unaitupa kabla hata ya kuona karata ya kwanza mezani, kwani tiketi yako karibu iko mfukoni na ya pili haitolewi.