Nguo haichakai yote kwa pamoja: ninavyoziba msamba wa jinzi na kugeuza kola

Suruali ya jinzi huisha msambani huku miguu, mifuko na mkanda wake bado vizima. Shati huisha kwenye mkunjo wa kola. Nilipolizingatia hilo niliacha kusubiri nguo ichanike, nikaanza kuitengeneza inapokaribia kuchanika. Kazi hupungua zaidi ya nusu, na kwa nje haionekani sana.

Kwa nini kujisumbua hivyo kwa suruali moja? Mwaka 2015 kampuni ya Levi Strauss ilitoa hesabu ya maji yanayotumiwa na suruali yake moja, tangu shamba la pamba hadi inapoacha kuvaliwa: lita 3,781. Karibu asilimia 68 yalikwenda kwenye kilimo cha pamba, na asilimia 23 kwenye kufua nyumbani. Kwa hiyo suruali inapotufikia, iwe mpya dukani au ya mtumba, maji mengi yamekwisha kutumika na hayarudi. Bahari ya Aral, kati ya Kazakhstan na Uzbekistan, ilikauka sehemu kubwa kwa sababu maji ya mito Amu Darya na Syr Darya yalielekezwa mashambani, hasa ya pamba. Deni hilo la shamba mimi siwezi kulifuta. Ninachoweza ni kuongeza miaka ya kuvaa na kupunguza mara za kufua.

Kabla ya kushona najua kwanza kitambaa ni cha nini. Nachomoa nyuzi tatu nne kutoka kwenye ukingo wa ndani, nazichoma juu ya bakuli la maji. Pamba huwaka kama karatasi, hunuka karatasi iliyoungua na kuacha majivu laini. Poliesta hujikunja, huyeyuka na kuacha kidonge cheusi kigumu. Sufu hunuka nywele zilizoungua na huzimika yenyewe. Ukiona majivu pamoja na vidonge, ni mchanganyiko. Chomoa uzi wa kitambaa chenyewe, si uzi wa mshono: nguo nyingi za pamba zimeshonwa kwa uzi wa poliesta, na hapo ndipo watu wanapodanganyika.

Sasa msamba. Kitambaa cha jinzi kina mtande (nyuzi za urefu) wa bluu na mshindio (nyuzi za kukingama) mweupe. Mapaja yanaposuguana, bluu ndiyo inayolika kwanza, kwa hiyo ukiona weupe, na ukiinua suruali juani mwanga unapenya, huo ndio wakati wake. Ukingoja tundu, itakubidi ujenge kitambaa upya.

Kiraka nakikata kwenye jinzi kuukuu iliyokwisha kulainika, au pamba nyepesi zaidi ya suruali yenyewe. Nisingeshauri kipande kipya kigumu: kinakaza katikati, halafu suruali inachanika pembeni mwa kiraka baada ya wiki chache. Nakifua kwanza ili kisije kurudi, yaani kupungua ukubwa, baadaye. Ukubwa wake ni sentimita 3 zaidi ya sehemu iliyolegea, pande zote. Pembe nazikata mviringo, na ukingo siukunji, maana mkunjo huumiza mapaja na huongeza unene bure. Nakiweka kwa ndani, napiga bandi (mishono mirefu ya muda) kwa mkono, kisha naivaa suruali na kuchuchumaa mara mbili. Kiraka kikivuta, nafumua bandi na kuanza tena. Hatua hii ni ya dakika tano na wengi huiruka.

Natumia cherehani ya kawaida ya miguu, sindano namba 16, na uzi wa kawaida wa poliesta. Ule uzi mnene wa kupambia jinzi hukata kitambaa kilichochoka. Mistari naipeleka kufuata mtande, ikiachana kwa milimita 3 hivi, na kila mstari unaingia sentimita 1.5 hadi 2 kwenye kitambaa kizima. Miisho siipangi sawasawa: mmoja mrefu, mwingine mfupi. Ikiishia mahali pamoja inakuwa mpaka, na kitambaa hukatikia kwenye mpaka. Kishono kiwe milimita 2.5. Kikiwa 1.5 unatoboa kitambaa kama stempu. Huna haja ya kugeuza suruali kila mstari. Pandisha kile kiwiko cha kupimia urefu wa mshono, cherehani itarudi nyuma yenyewe. Kwenye njia panda ya mishono minne, pale katikati ya msamba, nasimama nusu sentimita kabla na kuendelea ng'ambo, kwa sababu unene ule huvunja sindano. Ikilazimu kupita, nazungusha gurudumu kwa mkono. Mishono ikianza kuruka, badilisha sindano kabla hujalaumu cherehani.

Jinzi za kuvutika ni habari nyingine. Mshono ulionyooka hukatika siku ya kwanza ukikaa kitini. Cherehani isiyopiga zigizaga haizifai, kwa hiyo kiraka chake nakitoa kwenye jinzi nyingine ya kuvutika na kushona kwa mkono, uzi umelegea kidogo. Hata hivyo hazidumu kama za pamba tupu, nami nikichagua mtumba naziacha.

Kola ni rahisi kuliko inavyoonekana, saa moja na nusu hivi. Naweka alama ya chaki katikati ya kola na katikati ya ule ukanda wa shingo, kisha nafumua mshono unaoviunganisha tu, si zaidi. Situmii wembe, umenikatia ukanda mara kadhaa. Kwa mkasi mdogo nakata kishono kimoja kati ya vinne upande mmoja, halafu navuta uzi wa upande wa pili, unatoka mzima. Kola naigeuza, palipolika panakwenda chini, nalinganisha alama na kuirudisha kwenye mitobo ileile ya zamani. Kama pamelika hadi kutoboka, natia kwanza kiraka chembamba. Kola zenye vishimo vya vifungo kwenye ncha hazigeuki, na zenye mifuko ya vijiti vya kunyooshea zitaonyesha mishono yake juu, kwa hiyo ziangalie kabla ya kufumua.

Kufua nako kumebadilika. Jinzi naifua baada ya kuivaa mara nane hadi kumi, isipokuwa imepata matope au jasho jingi. Doa moja nalifuta peke yake. Naigeuza ndani nje, maji baridi, naianika kivulini. Msamba siusugui kwa brashi. Jiki siiweki kabisa kwenye nguo za kuvutika, maana huziozesha nyuzi zake na kuzitia umanjano. Nguo za poliesta nazo hutoa vinyuzi vya plastiki kila zinapofuliwa, na vinaishia mitoni, kwa hiyo nazifua taratibu bila kuzisugua.

Suruali ikikataa kiraka cha tatu, nafumua zipu na vifungo, nakata miguu na kuikunja kwenye boksi la viraka. Mguu mmoja hutosha misamba minne au mitano.