Siku 21 za kuku uani, na nilivyowafundisha wanangu kungoja

Kwa sisi wa Kimara, Mbagala au Goba, Dar es Salaam, wenye uani mdogo, koo mmoja wa kienyeji anayelalia mayai anatosha kuanza. Mimi huanza na wanangu hapo, kwenye kungoja.

Mayai ni 10 hadi 12. Ukizidisha, mabawa hayafiki, yale ya pembeni yanapoa na kuwa viza. Yasizidi siku saba tangu yatagwe, yasioshwe, na yahifadhiwe penye ubaridi, ncha nyembamba ikiangalia chini. Mtoto ndiye anayeandika tarehe kwenye ganda kwa penseli. Kiota ni boksi lenye mchanga chini, nyasi kavu juu, na majivu kidogo ya kupunguza utitiri.

Usiku wa siku ya saba tunamulika kwa tochi. Yai lenye uhai lina doa jeusi na mishipa myekundu iliyotawanyika kama miguu ya buibui. Lisilo na kitu linang'aa lote. Hapo ndipo ninapozungumza nao habari za imani, kwa sababu wameona kwa dakika moja jambo ambalo litafichika tena wiki mbili nzima. Jioni tunayaombea mayai, na asubuhi mtoto anaweka maji na punje za mahindi karibu na kiota. Koo hushuka kama mara moja kwa siku, dakika 15 hadi 20. Asipokuta chakula karibu atazurura, na mayai yatapoa hata kama tumeomba.

Kuanzia siku ya 18 hakuna kugusa. Kifaranga akishatoboa ganda anaweza kuchukua hata saa 24 kutoka, na mtoto atakusihi umsaidie. Usibandue. Mishipa ya ndani bado ina damu, na kiini hakijamaliza kuingia tumboni. Ukilivunja ganda anavuja damu na kutoka na kitovu wazi. Kiini hicho ndicho akiba yake ya siku mbili za mwanzo. Mama yake hamtobolei, ila hatoki juu yake. Nami nimeanza kukaa hivyo mezani mwanangu anapohangaika na hesabu: karibu naye, mikono yangu mbali na penseli yake.

Wakishatoka, adui wa mjini ni kunguru kuliko mwewe. Wiki za kwanza wakae ndani ya tenga au banda la wavu. Sikiliza koo anavyoita: mlio mmoja wa chakula, mwingine wa hatari, na vifaranga wanajitupa chini ya mabawa papo hapo. Kwenye Mathayo 23 Yesu anajifananisha na kuku huyo, na nikiwasomea wanangu baada ya kuliona jambo lenyewe, sihitaji kueleza sana. Mimi pia lilinigusa: koo haiti bure. Nimeacha kutishia adhabu nisiyokusudia kuitoa.

Kwenye chanjo ya mdondo (kideri, ugonjwa wa Newcastle) ndipo wengi wanapokosea. Siku ya 7, kisha siku ya 21, halafu kila miezi mitatu. Ile ya kunywesha usiichanganye na maji ya bomba yaliyotoka tu kufunguliwa, klorini inaiua. Tumia ya kisima au ya mvua, au yaache ya bomba yalale usiku kucha kwenye ndoo wazi, kisha ongeza gramu 2.5 za maziwa ya unga yasiyo na mafuta kwa lita. Wanyime maji saa moja au mbili kwanza, ili wamalize chanjo ndani ya saa mbili. Ya matone ni rahisi zaidi: tone moja jichoni, mtoto anashika, wewe unadondosha.

Kati ya wiki ya sita na ya nane koo anaanza kuwadonoa vifaranga wake wanapomfuata. Watoto hulia wakidhani amewachukia. Waonyeshe kilemba chake cha kichwani kilivyoanza kuwa chekundu: anajiandaa kutaga tena, na hao wadogo sasa wana manyoya ya kutosha kulala wenyewe. Watengee ufito wao wa kulalia, chini kidogo ya ule wa wakubwa.