Nilivyojifungia Nje ya Swichi ya Tukuyu

Nianze na tangazo. Ijumaa moja ya mwezi wa sita, baridi ya Mbeya imekaza, nilibandika karatasi mlangoni: "Kuanzia saa kumi jioni swichi zote zitafungwa kwa sababu za kiusalama." Saa tisa na nusu nilikuwa na foleni mlangoni kwangu. Mama wa masijala alitaka kujua kama taa za chooni nazo zimo. Mwingine alikwisha kuchomoa hita yake aipeleke nyumbani. Ikabidi nieleze kwamba swichi yangu ni lile boksi lenye vitaa vya kijani linalopokea waya za kompyuta zote, na ninachofunga ni poti zake, yaani matundu ya kuchomekea waya, zisikubali kifaa nisichokijua. "Kumbe!" akasema mama, akaondoka na wasiwasi wake uleule.

Sababu ya yote ni ruta moja ya mtumba kutoka Mwanjelwa. Kuna kijana wa ofisini alitaka WiFi karibu na meza yake, akaichomeka kwenye tundu la ukutani. Ruta hiyo ikaanza kugawa anwani za mtandao kwa kila kompyuta iliyoomba, na ikawa inajibu haraka kuliko seva yetu. Uhasibu wote wakakosa mfumo siku ya mishahara. Niliisaka kutwa nzima, chumba kwa chumba. (Kwa ugonjwa huu hasa dawa yake ni DHCP snooping, yaani swichi kukataa anwani zinazogawiwa na kifaa kisichoruhusiwa, nami niliiwasha baadaye. Siku ile nilikuwa na hasira, na mtu mwenye hasira hufunga kila kitu.)

Nikampigia rafiki yangu wa Dar anayejiita mtaalamu. "Kaka, kazi ya dakika tano hiyo. Washa port-security poti zote, kifaa kimoja kila poti, kikiingia cha pili poti ijizime. Umemaliza." Ushauri huo umenitesa miezi miwili. Kila alichosema ni kweli, tena swichi za Cisco zenyewe, ukiiwasha usipoziambia lingine, hufanya hivyohivyo: anwani moja ya MAC (namba ya utambulisho ya kifaa) kwa poti, na kosa likitokea poti inazima. Alichoacha kusema ni kwamba kwanza umjue nani anakaa nyuma ya kila poti. Mimi sikumjua hata mmoja.

Niliiwasha kwanza makao makuu, hapa Mbeya, kwa mtindo unaoitwa sticky: swichi inajifunza yenyewe anwani ya MAC ya kifaa cha kwanza inachokiona, inakishika kama mwenye nyumba. Ijumaa ile jioni niliandika, nikahifadhi, nikaenda kula makange. Angalia kosa: nilihifadhi wakati karibu kompyuta zote zimezimwa. Zilipowaka Jumatatu swichi ilizijifunza vizuri, lakini kumbukumbu hiyo ilikaa kichwani tu, haikuingia kwenye faili inayosomwa swichi inapowaka. Wiki nzima mambo shwari, nami kwenye kikao nikajisifu kwamba sasa mtandao wetu una mlinzi asiyelala.

Jumapili umeme ukakatika. Jumatatu saa moja na nusu kijana wa mafunzo kwa vitendo aliwahi ofisini, akachomoa waya wa mhasibu mkuu, akachomeka kompyuta mpakato yake adownload mambo yake kabla wakubwa hawajafika. Swichi, iliyoamka haina kumbukumbu yoyote, ikamsajili yeye. Saa mbili mhasibu mkuu akarudisha waya kwenye mashine yake, na swichi ikamwona mwizi, ikazima poti. Mgeni kawa mwenyeji, mwenyeji kafukuzwa. Mhasibu alinijia mezani bila salamu. Kwetu huku mtu mzima akikufikia bila salamu, jua umekwisha.

Somo nikalishika kwa nguvu kupita kiasi: tangu siku hiyo nikawa nahifadhi kila ninachoandika. Ndicho kilichoniponza Tukuyu.

Tawi letu la Tukuyu lina swichi mbili, moja juu ghorofani karibu na ruta, moja chini, zimeunganishwa kwa waya kupitia poti ya 24. Nilikuwa nimekaa Mbeya, nazifikia kwa mbali, najiona bingwa. Nikaingia swichi ya chini. Amri ya port-security ikakataa mwanzoni, ikidai poti ni "dynamic", yaani inajiamulia yenyewe aina yake, kwa hiyo nikazilazimisha zote ziwe access, yaani za kifaa cha kawaida, kuanzia 1 hadi 24, zote, kwa sababu kuandika 1 hadi 23 kulihitaji sekunde moja ya kufikiri. Nikabandika mistari yangu kwa mpigo, na mstari wa mwisho, kwa mwana aliyefunzwa na umeme, ulikuwa wa kuhifadhi.

Poti ya 24 ndiyo njia niliyopita mimi mwenyewe. Nyuma yake kuna swichi ya juu na vifaa vyake vyote, siyo kifaa kimoja. Ilipoona anwani ya pili ikajizima. Skrini yangu ikaganda. Nikabonyeza Enter kama mara ishirini, kama mtu anayegonga mlango wa nyumba aliyoifunga na ufunguo umebaki ndani.

Nikampigia mlinzi wa tawi. "Shikamoo mzee, naomba uchomoe waya wa umeme wa lile boksi la chini, uhesabu kumi, urudishe." Akafanya. Ikawaka, ikajifunza anwani moja, ikaona ya pili, ikazima tena. Tukarudia mara tatu. Nisingekuwa nimehifadhi, kuchomoa mara moja tu kungenirudishia kila kitu. Mzee akaniambia kwa upole, "Mwanangu, njoo tu mwenyewe."

Nikapanda Coaster stendi ya Nanenane. Uyole, Igawilo, Kiwira, mvua imetukuta njiani kama ada ya Rungwe, abiria wa pembeni yangu kapakata mkungu wa ndizi ambao nusu yake nilikuwa nao mimi mapajani. Kilometa sabini na ushee kwenda kuchomeka waya wa konsoli, unaoingia kwenye swichi yenyewe bila kupita mtandaoni, na kuandika maneno matatu. Dakika nne, pamoja na kufuta viatu. Nauli, chai na chapati havikuzidi elfu ishirini, ila siku nzima ilikwenda, na mzee mlinzi akanipa maparachichi ya kubeba, nikaona aibu zaidi.

Hila niliyopaswa kuijua kabla, na ambayo sasa naifanya hata nikiwa nabadili jina tu la poti: kabla ya kugusa swichi ya mbali, andika `reload in 10`. Unaiambia ijizime na kuwaka tena baada ya dakika kumi. Kisha fanya kazi yako, usihifadhi. Ukijifungia nje, kaa kimya, kunywa chai, itaamka na mipangilio ya zamani na kukufungulia mlango yenyewe. Mambo yakienda sawa, futa kwa `reload cancel`, ndipo uhifadhi. Imeniokoa mara mbili tangu hapo. Yule wa Dar nilipomwambia akasema, "Aa, hiyo si inajulikana?"

Baada ya hapo nikaanza upya, safari hii kwa kaunta buku. Wiki mbili sikufunga chochote, nilikuwa nasoma tu jedwali la MAC asubuhi na jioni, naandika kila poti ina anwani ngapi. Niliyoyaona! Poti ya 6 ina anwani nne: chini ya meza ya manunuzi kuna swichi ndogo ya poti tano imefunikwa na vumbi, hakuna anayekumbuka aliyeiweka. Poti za mabosi zina mbili mbili, kwa sababu kompyuta inapita ndani ya simu ya mezani. Hizo zote zingezimwa kwa dakika tano za kaka wa Dar.

Ila raha yangu ilikuwa poti ya 11, stoo. Mchana anwani tatu, jioni tisa, siku ya mechi kumi na nne. Tena nyingi, ukisoma tarakimu au herufi yake ya pili, ni 2, 6, A au E. Hapo nikacheka peke yangu. Anwani ya kiwandani haiwi hivyo kwa kawaida. Hiyo ni alama ya anwani ya kujitungia, na wanaojitungia ni simu: Android kuanzia toleo la 10 na iPhone kuanzia iOS 14 hujipa anwani ya bandia kwa kila WiFi. Simu haichomekwi waya ukutani. Kwa hiyo stoo kuna WiFi.

Nikaenda kwa mzee wa stoo. "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu, karibu, umepotea." Tukaongea mvua, tukaongea bei ya mbolea. Ruta ilikuwa ndani ya katoni ya karatasi za A4, katoboa matundu isipate joto, kazi safi kabisa. Mzee hakukana. Ilikuwa ya vijana wa bodaboda wa kijiweni nje ya uzio. Wao wanaangalia mpira, yeye anapelekwa nyumbani Soweto bure kila jioni. Niliing'oa, na mpaka leo bodaboda wa pale wananitajia bei ya mgeni.

Ndipo nikafunga, kwa hesabu: poti za kawaida anwani moja, zenye simu ya mezani anwani tatu (mbili zilinitosha karibu kote, ya tatu ni ya amani), poti ya kuunganisha swichi siigusi, poti tupu zote nimezizima. Wiki za mwanzo nilitumia restrict, ambayo inamzuia mgeni, inahesabu makosa na kuniandikia, bila kuzima poti. Protect sikuipenda, inazuia kimyakimya na wewe unabaki kushangaa. Shutdown niliiweka mwisho, uhasibu tu. Na msidanganyike, anayejua kunakili MAC ya printa atapita. Kumzuia huyo kunataka 802.1X, utaratibu wa kifaa kujithibitisha kwa seva kabla ya kuruhusiwa, na bajeti yangu ilinitosha swichi moja ya mtumba na boksi la vichwa vya waya za mtandao (RJ45).

Poti za uhasibu nimeziruhusu zijifungue zenyewe baada ya kuzimwa, kwa muda ule wa kawaida wa sekunde 300. Sikumwambia mtu. Juzi napita nasikia mhasibu mkuu akimfundisha mfanyakazi mpya: "Ukichomeka kitu chako ikazima, chomoa, rudisha waya wa ofisi, nenda kanywe chai dakika tano. Usimwite yule wa kompyuta, atakuletea habari za Tukuyu."