Mkate ulivyomtoa mfalme Versailles

Jana nilikuwa sokoni Mwanjelwa, baridi ya mwezi wa saba hapa Mbeya mnaijua, mama mmoja akawa analalamika bei ya debe la mahindi na mimi mawazo yakahamia Ufaransa ya 1789. Watu wengi wanadhani mapinduzi yale yaliletwa na wasomi na maneno yao ya uhuru tu, kumbe na njaa ilikuwepo. Mavuno ya 1788 yaliharibika, mvua ya mawe ilipiga mashamba, mkate ukapanda bei, na huku serikali ya mfalme Louis XVI imezama kwenye madeni, mengine ya kuwasaidia Wamarekani kupigana na Uingereza. Kodi je? Mkulima ndo alibeba, makabaila na makasisi wakasamehewa nyingi tu. Hapo roho inaniuma kabisa.

Bastille, lile gereza la Paris lililovamiwa na wananchi 14 Julai, wote tunaikumbuka ila mimi nawapenda zaidi wale akina mama wa sokoni Paris waliotembea kwa miguu hadi Versailles, kwenye kasri la mfalme nje ya mji, tarehe 5 Oktoba, mvua inawanyeshea, wanadai mkate, kesho yake wakarudi mjini na mfalme mwenyewe! Tamko la Haki za Binadamu na Raia la Agosti mwaka huohuo lilishasema watu huzaliwa huru na sawa, lakini akina mama hao kura hawakupewa, wanawake wa Ufaransa wamekuja kupiga kura 1945. Watumwa wa koloni lao, Haiti ya leo, walipigania uhuru huohuo wenyewe mpaka wakaupata 1804.

Yule mama nilimsimulia yote haya, akaniuliza ilikuwa kilomita ngapi. Kama ishirini hivi, kwenye matope.