Nilivyosuka tenga la mwerebi kule Mayo

Magharibi mwa Ireland, tenga la kubebea husukwa juu chini. Fito za wima za mwerebi, mti wenye matawi membamba yanayopindika, huchomekwa ardhini, kazi ikaanzia mdomoni, na kitako kikaja mwisho kabisa. Mimi nimekulia Pemba kwenye ukili, unaosukwa mrefu kwanza ndipo ushonwe kikapu, kwa hiyo mikono yangu ilibidi ijifunze upya.

Mwalimu wangu ni mzee jirani, hapa kaunti ya Mayo. Utotoni mwake punda walibeba matenga mawili, moja kila ubavu, yenye mwani wa kurutubisha shamba, viazi, au ule udongo mweusi wa kinamasi unaokatwa kama matofali, ukaanikwa na kuchomwa badala ya kuni. Aina moja ilikuwa na kitako cha kufunguka, mzigo ukashuka wenyewe. Niliyaangalia matenga ya zamani pia katika makumbusho ya Turlough Park, karibu na Castlebar. Nakushauri uende, uyatazame kwa chini.

Mierebi hukatwa wakati wa baridi, majani yakishapukutika. Fito za mwaka mmoja ndizo bora, ndefu na zisizo na matawi. Ukizisuka mbichi zitasinyaa na tenga litalegea, kwa hiyo hukaushwa kwanza, kisha hulowekwa. Zikiwa na ganda, kipimo cha mzee ni siku moja kwa kila futi ya urefu: ufito wa futi 5, siku 5 majini. Halafu zinalala usiku mmoja ndani ya kitambaa chenye unyevu.

Nilichomeka nguzo, yaani zile fito za wima, bustanini kwa umbo la mstatili. Suko la mdomo ndilo linaloamua kila kitu. Fito tatu hupokezana, kila ufito ukipita mbele ya nguzo mbili na nyuma ya moja. "Kaza kwa kugonga, usivute," aliniambia mzee, kwani ukivuta nguzo husogeleana na tenga linabana. Juu ya suko hilo tuliacha uwazi, nguzo zikabaki tupu, kisha tukaendelea kusuka kuta. Hapo ndipo niliposhangazwa na akili ya waliobuni njia hii: ardhi inashika nguzo zote, na mikono yako miwili inabaki huru.

Kukunja nguzo ili zifanye kitako kulinitia hofu kuliko yote. Dawa yake ni kuusokota ufito pale unapokunjwa, nyuzi zake ziachane kidogo, ndipo hauvunjiki. Zilipokwisha kupishana, tulilivuta tenga kutoka ardhini na kukata ncha.

Sasa nimechomeka vipande vya mwerebi kando ya mtaro. Mti huu hauhitaji mbegu, kipande cha futi moja kinatoa mizizi chenyewe. Baridi ijayo nitavikata vyote karibu na ardhi, ili kila shina litoe fito nyingi zilizonyooka.