Injini Inapopumua

Julai ya mwaka jana, fundi aliyekuwa akilitunza gari langu alifungua kifuniko cha oili huku injini ikiunguruma, akaweka kiganja juu ya tundu, akahisi hewa ikimsukuma, kisha akaniambia, "Mwalimu, injini yako inapumua. Hapa ni kuishusha na kubadilisha ringi," yaani pete za chuma zinazoizunguka pistoni. Gharama aliyoitaja ilizidi mshahara wangu wa mwezi mmoja. Sikumlaumu, kwa sababu dalili alizoziona zilikuwa za kweli: sili ya nyuma ya krenki (mpira unaozuia oili kuvuja kwenye mhimili mkuu wa injini) ilikuwa ikivuja kwa mara ya pili ndani ya majuma matatu tangu aifunge mpya, na gasketi ya kifuniko cha juu cha injini ilikuwa imelowa pembeni. Kosa lilikuwa katika tafsiri, na ndilo lililonifanya niandike haya.

Hakuna injini isiyopumua. Hata ringi zikiwa mpya, mafuta yanapoungua juu ya pistoni sehemu ndogo ya gesi hupenya kati ya ringi na ukuta wa silinda, ikateremka mpaka chini kwenye krenki na sampu, yaani karai la oili. Gesi hiyo hubeba mvuke wa maji, petroli ambayo haikuungua na moshi wenye asidi. Magari ya zamani yaliitoa nje kwa bomba lililoelekea barabarani. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960, California ikitangulia katika kupambana na moshi wa mijini, watengenezaji wa magari walianza kuirudisha kwenye manifoldi, yaani mabomba ya kuingizia hewa kwenye silinda, ili iungue tena, na njia ya kuirudisha hupitia kwenye vali ndogo, isiyozidi kidole gumba kwa ukubwa, ambayo wauza spea huiita vali ya PCV. Ndani yake mna kipande kinachocheza na springi. Injini ikiwa kwenye sailensa, yaani ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta, mvuto wa manifoldi huwa mkali, hivyo kipande kile huvutwa na kubana njia. Dereva akikanyaga mafuta mvuto hupungua, springi hukirudisha na njia hupanuka, kwa kuwa wakati huo ndipo gesi nyingi zaidi hupenya kwenye ringi. Upande wa pili kuna mpira unaoleta hewa safi kutoka kwenye kasha la chujio. Mfumo mzima ni huo, na labda ndiyo maana husahaulika.

Kwa sisi wa Mbeya, baridi huuonea mfumo huu. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa maji yanayokaribia lita moja. Mengi hutoka kwa ekzosi, na ndiyo matone tunayoyaona yakidondoka asubuhi, lakini kiasi fulani huteremka pamoja na gesi nilizozieleza. Injini ikipata moto vya kutosha, maji hayo hugeuka mvuke na vali huyavuta nje. Gari langu kwa siku nyingi za wiki hutoka nyumbani Uyole hadi shuleni, kilomita nne tu, na mwezi wa Juni au Julai linafika kabla oili haijapata joto la maana. Maji hubaki, huchanganyika na oili, na huwa ute mzito wenye rangi ya chai ya maziwa. Nilikuwa nimeuona ute huo chini ya kifuniko cha oili miezi mingi kabla, nikaufuta kwa kitambaa na kuendelea na safari. (Ute kama huo unaweza pia kutokana na gasketi ya silinda hedi iliyoungua, kwa hiyo anayeuona aangalie kwanza kama maji ya rejeta yanapungua, yangu hayakuwa yakipungua.)

Ute uliotulia kwenye vali huiziba, na hapo gesi hukosa njia ya kutosha ya kutokea. Msukumo hujengeka ndani, nao hutafuta mahali palipo dhaifu: sili za krenki, gasketi, hata tundu la kijiti cha kupimia oili. Ndiyo sababu sili mpya ilivuja ndani ya majuma matatu, na ingevuja hata kama angefunga ya tatu.

Mzee mmoja mwenye gereji Mwanjelwa, ambaye nilimwendea ili kupata maoni ya pili, hakuanza na spana kubwa. Aliacha injini ipate moto, akaing'oa vali kwenye kifuniko cha juu huku ikiwa bado imeunganishwa na mpira wake, akaziba mdomo wake kwa kidole. Palipaswa kuwa na mvuto wa kukishika kidole. Hapakuwa na kitu. Alizima injini, akaitikisa vali sikioni, nayo haikulia. Vali nzima ya aina hiyo hugongagonga ndani. Tulinunua nyingine, akasafisha mpira uliokuwa umejaa ute, akarudisha vyote, kisha akaweka karatasi nyepesi juu ya tundu la oili. Karatasi ilivutwa chini taratibu. Kama mvuto kwenye vali ungekuwepo tangu mwanzo na tundu bado likasukuma hewa kwa nguvu, hapo ndipo ringi zingestahili kushukiwa.

Nilimuuliza kuhusu kipimo cha kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda, kwa sababu fundi wa kwanza alikuwa amekitumia na kusema namba ziko chini ya zile za kitabu. Jambo hili, kama mtu aliyefundisha fizikia kwa miaka mingi, lilinipasa kulifikiri mwenyewe. Mbeya ipo karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa hapa ni pungufu kwa karibu asilimia 18 ikilinganishwa na pwani. Silinda ikivuta hewa hafifu hubana hewa hafifu, kwa hiyo injini ambayo ingesoma pau 13 (pau ni kizio cha kanieneo) Dar es Salaam inaweza kusoma chini ya 11 hapa, au chini zaidi Njombe, bila ugonjwa wowote. Kinachofaa kutazamwa ni tofauti kati ya silinda na silinda, na zangu nne zilikuwa zimekaribiana.

Mipira nayo isidharauliwe. Ikikakamaa na kupasuka, hewa isiyopimwa huingia kwenye manifoldi na sailensa hutetemeka, jambo ambalo watu hulitibu kwa kubadilisha plagi. Mpira wa maji hauifai kazi hii, kwani oili huulegeza na mvuto huubana mpaka ukaziba. Uombwe ule unaostahimili oili. Nimeona pia gari lililoachanishwa mpira wa hewa safi na kuachwa wazi. Kwa anayepita vumbi la barabara za ndani huko Makete, huko ni kuinywesha injini mchanga.

Malori ya dizeli yanayopanda Kitonga yana mpangilio tofauti, kwa kuwa manifoldi ya dizeli haina mvuto wa aina hii. Gesi hupitia kichujio cha kutenganisha oili, kisha huenda kabla ya tabo (kifaa kinachosukuma hewa kwenye injini) au hutoka nje kwa bomba. Kichujio hicho nacho huziba, lakini sitajifanya fundi wa malori.

Sasa kila ninapomwaga oili, ambayo siku hizi naibadilisha kila kilomita 4,000 kwa sababu ya safari zangu fupi, naing'oa vali na kuitikisa. Ya chuma naweza kuisafisha kwa dawa ya kabureta. Yenye kiwambo cha mpira ndani sithubutu, kwa kuwa dawa hiyo hukila. Mara mbili kwa mwezi, Jumamosi, nalipeleka gari hadi Igawa na kurudi ili oili ipate moto sawasawa. Mke wangu anaamini kuwa naenda kwa ajili ya mchele. Mchele wa Mbarali nanunua pia, na sili ya nyuma, ambayo fundi wa Mwanjelwa aliifunga siku ile ile, bado ni kavu.