Msoshalisti wa Kisumu apigie nani?

Kura ni 2027 lakini hapa Kisumu siasa haingojeagi kalenda, na tangu Baba, yaani Raila Odinga, atuache Oktoba 2025 kila mtu anaulizwa ako upande gani. Kitambo halikuwa swali, ulizaliwa ukakua ukapigia chungwa, yaani chama yake ODM, basi. Mimi nikisema niko msoshalisti watu wanacheka wananiuliza, na hiyo nayo ni chama ya nani?

Inanishangaza kidogo kwa sababu huu mji umelipia hayo mambo kwa damu. Jaramogi Oginga Odinga, baba yake Raila, na kina Bildad Kaggia walitoka KANU, chama iliyokuwa inatawala, 1966 wakaunda KPU, chama ya upinzani, wakawa wanataka ardhi ya walowezi iende kwa wasio na shamba bila kuuziwa. Oktoba 1969 Rais Jomo Kenyatta akaja kufungua hospitali iliyojengwa kwa msaada wa Warusi, fujo zikatokea, risasi zikalia, watu wakafa, na kabla mwezi uishe KPU ikapigwa marufuku. (Hiyo hospitali sai ina jina la Jaramogi mwenyewe lakini mwambie mtu wa boda "Russia" uone kama ataulizia njia.)

Na hiyo KANU waliyotoka ilikuwa ya ujamaa, eti. Sessional Paper namba 10 ya 1965, waraka wa sera ya serikali, imeandikwa African Socialism kwa jalada, halafu ukifungua ndani unaambiwa pesa ya maendeleo iende kule kuna ardhi nzuri na mvua ya kutosha, yaani aliyenacho aongezewe. Ndio maana manifesto siku hizi napitia juu juu tu.

Mimi nachunguza kitu moja: mali ya umma ikiuzwa au ikikodishwa, chama ilisimama wapi? Mei 2025 serikali ilikodisha viwanda vinne vya sukari, Nzoia, Sony, Chemelil na Muhoroni, kwa kampuni za watu binafsi, miaka 30, na mashamba ya kiwanda ndani. Mbili ziko hapa hapa kaunti yetu. Nikangoja chama zetu zipige kelele, lakini ODM ilikuwa imeshaweka sahihi ya kushirikiana na UDA, chama ya Rais Ruto, mwezi wa tatu mwaka huo huo, sasa mtu ataandamana dhidi ya serikali aliyomo?

Mjomba wangu alifanya kazi kwa kiwanda kimoja cha miwa miaka mingi na mshahara wake mwingine hajaona hadi leo. Nikimwambia wamekodisha mali yetu ananiangalia tu. "Nyathina (mtoto wangu), mali yetu gani? Hiyo ilikuwa ya mameneja. Acha huyo tajiri achukue, bora alipe." Na hapo ananibana, kwa sababu ni ukweli, kiwanda kuwa cha serikali hakukumfanya mkata miwa awe mwenyewe. Lakini dawa yangu si kuleta tajiri, dawa ni wakulima na wafanyakazi wapewe hisa na viti kwa bodi, wajue miwa imeingia tani ngapi na pesa imeenda wapi. Sijasikia chama kubwa hata moja ikisema hivyo kwa jukwaa.

UDA nao walikuja na wimbo wa mama mboga na bottom-up, eti uchumi uanzie kwa watu wa chini, na kusema ukweli wazo la kila mtu achangie matibabu mimi silipingi, bima ya wote ni kitu tumelilia kitambo. Shida yangu ni kwamba asilimia 2.75 ya SHA, hiyo bima ya afya, na 1.5 ya ushuru wa nyumba inakatwa sawa kwa mwalimu wa primary na kwa bosi wa benki. Mtu wa kushoto angepandisha kiwango kadiri mshahara unapanda.

Sasa utaniambia si kuna Communist Party. Iko, ilikuwa SDP ikabadilisha jina 2019, na vijana wao wanasoma kuliko wabunge wengi. Lakini 2022 jina lake likaonekana ndani ya Kenya Kwanza, muungano wa Ruto, wenyewe kwa wenyewe wakakosana, na sisi wa kushoto hata tukiwa kumi lazima tugawanyike pande tatu. Nawapenda lakini Muhoroni hakuna anayewajua, na chama ya wafanyakazi isiyojulikana na wakata miwa ina kazi mingi ya kufanya.

Juzi nilicheki eCitizen nikapata mimi ni mwanachama wa chama fulani sijawahi hata kufika ofisini kwao. Nikajitoa siku hiyo hiyo. Sijui kitambulisho changu kilitoka wapi, labda ni zile daftari tunaandikishwa mikutanoni.

Kwa hivyo urais nimeweka kando kwanza. Nimeanzia chini, wadi. Yeyote anayetaka kiti cha MCA (mjumbe wa wadi kwa bunge la kaunti) au ubunge akija kwetu namuuliza mambo mawili: mkataba wa viwanda utauweka hadharani ama hapana, na pesa ya kampeni unapewa na nani. Wa kwanza kuulizwa alisema tutaunda kamati, akaitisha soda za watu wote. Wa pili alijibu la mkataba vizuri sana, la pesa akacheka. Huyo wa pili bado namfuatilia, ata kama chama aliyopanda nayo siipendi.